Simu Kwanza, Mswada Baadaye

Hotuba kwa wasaidizi wapya wa madiwani, mwanzoni mwa muhula wa baraza

Waheshimiwa madiwani mliopata nafasi ya kuja, Karani wa Baraza na watumishi wa ofisi yako, na hasa ninyi wasaidizi wapya mliokaa mbele na madaftari ambayo bado hayajaandikwa kitu: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nieleze kazi ya msaidizi wa diwani ni ipi. Naona wengi wenu mmesoma sheria, siasa, mipango miji, na mmekuja mkitarajia kuandika sheria. Mtaandika. Kabla ya hapo mtapokea simu. Simu za taka zisizozolewa, za taa ya barabarani iliyozimika miezi sasa, za jirani anayepiga muziki hadi alfajiri, na za mtu asiye na shida yoyote na jiji ila anatafuta wa kuzungumza naye. Ofisi nyingi zina desturi mbaya ya kugawa watu. Wanaoonekana wana vichwa hupewa miswada, waliobaki wakaachiwa simu. Nimekuja kubishana na desturi hiyo. Nikishindwa kuwashawishi katika hilo moja, mengine nitakayosema hayatawafaa sana.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mpo. Baraza la Jiji la New York lina madiwani 51 kwa wakazi zaidi ya milioni 8. Gawanyeni wenyewe: kila diwani anabeba watu zaidi ya 150,000. Los Angeles ni zaidi ya hapo, madiwani 15 tu kwa watu wanaokaribia milioni 4, kwa hiyo kila mmoja ana zaidi ya 250,000. Chicago wamekwenda njia nyingine, wana madiwani 50 kwa watu takriban milioni 2.7, na bado kila mmoja anabaki na watu zaidi ya 50,000. Uingereza, sheria ya mwaka 1989 inaruhusu makundi ya kisiasa ndani ya baraza yaajiri wasaidizi wa kisiasa, lakini wasizidi watatu kwa baraza zima. Na yapo mabaraza mengi duniani ambako diwani hana msaidizi hata mmoja, anajipokelea simu mwenyewe akiwa shambani au dukani kwake. Sasa, hata mheshimiwa asiyelala hawezi kusikiliza watu 250,000. Kura ni yake, lakini kusikiliza kwa sehemu kubwa ni kwenu. Usiposikia wewe, uwezekano mkubwa ni kwamba ofisi nzima haikusikia.

Niwape mfano wa sheria moja ambayo napenda kuifundishia, kwa sababu imeishi muda mrefu kiasi cha kuonyesha uzuri wake na ubaya wake.

Mei 1979, kipande cha ukuta kilimeguka kutoka juu ya jengo moja kule Manhattan, jijini New York, kikamuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita chini. Mwaka uliofuata baraza likapitisha Sheria ya Jiji Namba 10 ya 1980. Majengo yenye zaidi ya ghorofa sita yakaguliwe kuta zake na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Wazo lenyewe halina ubishi. Ila sheria hiyo ilihusu zaidi kuta zinazotazama barabara. Desemba 1997 sehemu ya ukuta wa matofali wa jengo refu la Madison Avenue ikaporomoka, na mwaka 1998 ikaja Sheria Namba 11, ikapanua ukaguzi ukafikia takriban kuta zote za nje.

Mpaka hapo ni simulizi ya kawaida: maafa, sheria, maafa mengine, sheria kali zaidi. Kinachonivutia ni kilichofuata. Ukuta ukionekana ni hatari, mwenye jengo hutakiwa kuweka kibanda cha mbao na vyuma juu ya njia ya waendao kwa miguu ili wasiangukiwe. Wenye majengo wakapiga hesabu. Wengi waliona kuendelea kukodi kibanda ni nafuu kuliko kukarabati ukuta. Vibanda vikabaki. Vingine vimekaa zaidi ya miaka kumi, vikitia giza madukani na kuficha vibao vya biashara, huku ukuta ule ule wenye nyufa ukiwa juu yake. Sheria ilitiiwa kwa herufi, na mpita njia hakuangukiwa, lakini jengo halikutengenezwa. Miaka ya karibuni madiwani wa jiji hilo wamelazimika kutunga sheria nyingine kuhusu vibanda vyenyewe.

Nawauliza: ndani ya ofisi ya diwani, ni nani wa kwanza kupata fununu kwamba vibanda haviondoki? Siyo aliyeandika mswada. Huyo alishahamia mswada mwingine, na kwenye faili lake sheria ilipita, kazi imekwisha. Wa kwanza kusikia ni anayepokea simu ya mwenye duka anayesema wateja wanapita bila kumwona. Simu ya kwanza ni kero ya mtu mmoja. Zikifika kadhaa, kutoka mitaa tofauti, zenye maneno yanayofanana, hiyo ni taarifa kwamba kuna kifungu hakifanyi kilichotarajiwa. Kama anayepokea simu na anayeandika miswada hawazungumzi, au hawaheshimiani, taarifa hiyo inafia kwenye daftari.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nyie ndio wa mbali wa kwanza kuingia, kwa hiyo tujue namna ya kuingia.

Unapopokea lalamiko, usiandike “amelalamikia taka” ukafunga. Andika ni wapi hasa, tangu lini, ameshampigia nani katika idara, alijibiwa nini, na aliyejibu alitaja sababu gani. Sababu ndiyo dhahabu. “Gari limeharibika” ni habari moja. “Mtaa wako haumo kwenye ratiba kwa sababu barabara yake haijakabidhiwa rasmi kwa jiji” ni habari nyingine kabisa, na hiyo ya pili inanusa mswada. Kisha mrudishie mtu jibu, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Nimeona watu wakipokea “haiwezekani” kwa adabu kubwa pale walipoelezwa kwa nini. Ukimya hakuna anayeupokea kwa adabu.

Majiji makubwa siku hizi yana namba moja ya kupokea kero zote. Baltimore walianza kutumia 311 mwaka 1996 ili kuipunguzia polisi mzigo wa simu zisizo za dharura, na New York ikazindua ya kwake mwaka 2003. Takwimu zake ni hazina, zisomeni. Lakini zisomeni kwa macho mawili. Mtaa wenye simu nyingi si lazima uwe mtaa wenye shida nyingi. Huenda ni mtaa wenye watu wanaoamini kwamba wakipiga watajibiwa. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa na mwenye nyumba hapigi. Mgeni ambaye karatasi zake hazijakamilika hapigi. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana, ofisi yenu inafunguliwa akiwa amelala na kufungwa kabla hajaamka. Ukichora ramani ya malalamiko ukaikabidhi kwa diwani kama ramani ya shida za kata, umempotosha kwa takwimu za kweli. Palipo kimya, nenda kwa miguu.

Sasa tuseme umeshakusanya, na kero inajirudia. Je, ni mswada? Hapa vijana wengi wanakimbilia kalamu. Ngojeni. Kero nyingi zinazofika ofisini tayari zina sheria yake, tena nzuri. Chukueni kelele za usiku. Kwa kawaida jiji lina sheria ya kelele, lina kiwango, lina faini. Kinachokosekana ni mkaguzi, kwa sababu wakaguzi wanatoka kazini jioni na kelele zinaanza usiku. Ukiandika sheria ya pili juu ya ile ya kwanza, utapata sheria mbili zisizotekelezwa badala ya moja. Dawa ni zamu ya usiku. Zamu inahitaji fedha, na fedha zinakaa kwenye bajeti. Kwa hiyo kazi yako ni kujua fungu la idara ile, kujua kamati ya fedha inakaa lini, na kumwandalia diwani swali la kumwuliza mkuu wa idara mbele ya kamati. Tena aliulize mapema. Bajeti iliyofika mezani kwa kura ya mwisho imeshapikwa na kuiva, na utakachopata hapo ni makombo. Wapo wasaidizi wazuri sana ambao wamefanya makubwa bila mswada hata mmoja wenye jina la diwani wao. Majina yao hayamo popote, lakini zamu ya usiku ipo.

Ikiwa kweli ni mswada, swali la kwanza ni kama jiji lina mamlaka. Baraza la jiji halijiumbi lenyewe, limeumbwa na sheria ya juu yake. Mwaka 1868 jaji wa Iowa, John F. Dillon, aliandika kwamba mji hauna mamlaka ila yale uliyopewa na bunge la jimbo, na majimbo kadhaa ya Marekani yanaufuata msimamo huo hadi leo, ingawa mengine yameipa miji uhuru mpana zaidi. Kenya, kazi za kaunti zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, zikiwemo masoko, uzoaji taka na leseni za vileo. Tanzania, sheria ndogo za mamlaka za miji zinatungwa chini ya sheria ya mwaka 1982 na huhitaji idhini ya waziri. Popote ulipo, tafuta mstari huo kabla ya kuandika neno. Hakuna aibu kama ya mswada uliopigiwa makofi na wananchi kwenye mkutano wa hadhara, kisha mwanasheria wa jiji akaandika sentensi mbili tu: jambo hili si letu. Mwone mwanasheria mapema, kabla diwani hajautangaza mswada kwa waandishi wa habari. Akishautangaza, mheshimiwa hataki tena kusikia neno “mamlaka”.

Baada ya hapo andika kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye karatasi moja: nani afanye nini, kabla ya lini, asipofanya atapatwa na nini, nani atakayemfuatilia, na kwa fedha za fungu lipi. Kama huwezi kujaza sehemu mojawapo, mswada haujaiva, hata uwe na vifungu arobaini. Sehemu ya adhabu itazameni sana. Faini iliyo ndogo kuliko gharama ya kutii, mfanyabiashara anaiingiza kwenye mahesabu yake kama kodi ya pango. Vile vibanda vya New York vinafundisha jambo hilo hilo kwa upande wa pili: ukiacha njia ya bei nafuu ya kutii bila kutengeneza, watu wataipita, na si kwa sababu ni wabaya. Kisha ipeleke karatasi yako kwa wale watakaotekeleza, mkaguzi mwenyewe, siyo mkuu wake tu. Mwulize, ukipewa hii kesho asubuhi, utaanzaje? Akicheka, rudi mezani.

Upande wa kura nitapita haraka, mtajifunza kwa kuishi. Jueni namba zenu. New York, kura 26 kati ya 51 hupitisha mswada, na 34 huvuka kura ya turufu ya meya. Tofauti ya nane hiyo ndiyo siasa yenyewe. Jueni pia kwamba anayejua diwani mwingine atapigaje kura ni msaidizi wake, na msaidizi huyo atakuambia ukimweleza mambo kwa ukweli, ikiwemo sehemu dhaifu ya mswada wako. Ukimficha mara moja, muhula mzima umekwisha kwenu wawili.

Lakini hapa kuna mtego, na nataka nikae nao kidogo kwa sababu wengi hawaujui hadi wameshanasa. California wana sheria ya mikutano ya wazi, Brown Act, ya mwaka 1953. Inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe hadharani saa 72 kabla, na inakataza wingi wa wajumbe kujadiliana mambo ya baraza nje ya kikao cha wazi. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Sasa piga picha baraza la madiwani watano. Diwani wako anakutuma kwa mwenzake kuuliza msimamo wake. Unarudi na jibu. Kisha anakutuma kwa wa tatu, ukiwa na maoni ya wale wawili mfukoni. Madiwani watatu kati ya watano wameshabadilishana mawazo, wingi umetimia, na hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye kiti karibu na mwingine. Sheria ile inakataza hata mfululizo wa namna hiyo unaopitia kwa mtu wa kati. Mtu wa kati ni wewe, na kiatu chako ndicho kilichofanya mkutano. Sheria za mahali pengine zinatofautiana, zingine ni legevu, zingine hazina kifungu hicho. Someni ya kwenu wiki hii, na msipoielewa, Karani yupo. Karani huwa anaogopwa bure. Ndiye anayejua akidi, muda wa kuwasilisha hoja, na kwa nini marekebisho yako yaliyoletwa saa moja kabla ya kikao hayatasomwa. Mpendeni kabla hamjamhitaji. (Karani, naona unacheka. Nimesema kweli au nimeongopa?)

Kuhusu kikao chenyewe nina ombi dogo. Mheshimiwa asipewe kabrasha la kurasa sitini akiwa kwenye ngazi. Mpe ukurasa mmoja: tunataka nini, nani anapinga na kwa hoja gani, swali gumu litakaloulizwa, na jibu lake. Hoja ya mpinzani iandike kwa nguvu yake yote, kama angeiandika mwenyewe. Ukiipunguza ili kumfurahisha diwani, ataisikia kwa mara ya kwanza mbele ya kamera. Na kama kamati inasikiliza wananchi, mlete yule aliyepiga simu. Mwenye duka akisema kwa dakika mbili mauzo yake yalivyoshuka anafanya kazi ambayo jedwali lako la takwimu haliwezi. Mwandae tu kuhusu muda na kipaza sauti. Maneno yake msimpangie.

Kuna jambo ambalo halipendezi kusemwa mbele ya waheshimiwa, lakini wapo, na wasikie. Baada ya muda utajua kata kuliko diwani wako. Utajua vifungu kuliko yeye. Wananchi watakupigia wewe, idara zitakujibu wewe, na siku moja utatoa ahadi kwa sauti ya ofisi bila kumwuliza mwenye ofisi. Wewe hukuchaguliwa. Mtu akitaka kukuondoa hana sanduku la kukuondolea. Kwa hiyo unaweza kubishana na diwani kwa nguvu zote mlango ukiwa umefungwa, na unapaswa, lakini uamuzi akishautoa, ndio unaotoka nje. Kama uamuzi huo unavunja sheria, hapo si suala la utii tena, ni suala la kuandika barua na kwenda kwa mwanasheria au mamlaka ya maadili. Kama ni uamuzi usioupenda tu, utekeleze vizuri au tafuta ofisi nyingine. Wapo wanaochagua njia ya tatu, kuuchelewesha kimya kimya kwenye trei ya barua. Nawaomba msiwe hao.

Na kwa kuwa uchaguzi hauko mbali kama mnavyodhani: saa za kazi, kompyuta ya ofisi na gari la ofisi havifanyi kampeni. Mwananchi akipiga simu kuhusu bomba, usimwulize alimpigia nani kura, na jina lake lisihamie kwenye orodha ya kampeni. Barua pepe mnazoandika, katika miji mingi, mwananchi yeyote anaweza kuziomba kisheria. Andikeni kana kwamba ameshaziomba.

Nimalizie na siku ambayo hakuna anayeitaja kwenye mafunzo kama haya, siku diwani wako anaposhindwa au kustaafu. Ajira za wengi wenu zinaisha naye. Anayekuja ataleta watu wake, na mara nyingi wanakuta kabati tupu. Simu za miaka minne zimeondoka na daftari la mtu, na yule mama ambaye kesi yake ya mifereji ilibakiza barua moja tu anaanza upya, anasimulia tokea mwanzo. Hakuna sheria itakayokulazimisha kumwandikia mrithi wako maelezo ya kesi moja moja, na mara nyingine mrithi ni wa chama kilichowaangusha. Zile kesi ni za wananchi, wala hazikuwahi kuwa za chama. Kwa hiyo anzeni leo: rekodi ikae kwenye mfumo wa ofisi, isikae kwenye simu yako binafsi. Kila mswada uliopita uwe na ukurasa unaosema ulitokana na kero gani, idara ilitakiwa kuripoti lini, iliripoti au haikuripoti, na nani pale idarani anapokea simu kweli. Muwe mnauhuisha kila robo mwaka. Kazi hiyo inachosha, haina makofi, na mheshimiwa hatakuuliza habari zake.

Karani amenionyesha saa. Nimebakiziwa muda wa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa wale waliopangiwa dawati la simu.